Wapulizaji wa Kasoli

14 Novemba

Leo nimepata kazi. Naandika tena nione kama maneno yatabaki palepale: leo nimepata kazi.

Si ya serikali, wala haina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Lakini ni kazi ya kilimo niliyoisomea, tena hapahapa Kasoli nilipozaliwa. Tangu nimalize diploma miaka miwili iliyopita nimeomba kila nafasi iliyotangazwa. Niliitwa kwenye usaili mara moja tu, tukakutana watu mia nne kugombea nafasi sita. Baba aliuza ng'ombe wanne ili nisome. Hajawahi kunitajia ng'ombe hao hata siku moja, na kunyamaza kwake ndiko kunakoniuma. Wanaonitajia ni majirani.

Habari kaniletea Madam Georgina, afisa kilimo wa kata yetu. Yeye ni mtu wa Muleba, yuko hapa mwaka wa tatu sasa, na bado anawaamkia watu "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, hata jua likiwa linazama. Anasema chama cha ushirika kimekubali kujaribu jambo jipya msimu huu. Vijana watatu watapewa mabomba ya kupulizia dawa, mavazi ya kujikinga na mafunzo, kisha watahudumia mashamba ya pamba ya wakulima watakaojiandikisha. Mkulima halipi kitu sasa. Akivuna anatoa kilo kadhaa za pamba kwa kila ekari. Ikifaulu, mwakani chama kitachukua vijana kumi na watano kutoka vijiji vyote vya kata. Isipofaulu, mabomba yanarudi stoo na sisi tunarudi nyumbani.

"Wewe ndiye kiongozi," aliniambia. "Wenzako wawili nimeshawapata."

Kwa furaha sikuuliza ni akina nani.

15 Novemba

Ni Harieth na Mayunga.

Harieth sina neno naye. Alimaliza kidato cha nne, akapata mtoto, sasa anauza vitumbua pale senta na hesabu zake hazikosei. Mayunga ndiye aliyenikata maini. Anaendesha bodaboda. Mwaka juzi alikuwa anapulizia watu mashamba kwa kibarua, na Kasoli nzima inajua kwamba dawa ya ekari tatu aliipulizia ekari tano kwa kuongeza maji. Nimemwambia Madam Georgina. Amesema kati ya vijana wote aliowahoji, Mayunga peke yake ndiye aliyeweza kumtajia majina ya wadudu wote wa pamba, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Nimeamua kwamba ufunguo wa stoo ya dawa nitakaa nao mimi.

22 Novemba

Mvua kubwa. Watu wote wanapanda. Nimepanda na mama ekari moja, mgongo unauma, nimefurahi tu.

3 Desemba

Mafunzo Bariadi mjini, siku tatu. Tumepewa mabomba, ovaroli, glavu, buti, barakoa, na kila mmoja kibao cha kuhesabia wadudu. Ni kipande cha ubao chenye matundu na njiti. Unakatiza shamba kutoka kona hadi kona, unakagua mimea thelathini, kila ukikuta funza, yule mdudu anayetoboa vitumba vya pamba, unasogeza njiti tundu moja. Njiti ikifika kwenye mstari mwekundu, unapiga dawa. Isipofika, hupigi, unaondoka.

Mayunga aliuliza swali ambalo sikulifikiria: mkulima akituona tunaingia shambani na kutoka bila kupuliza, tutamwambia nini? Mwalimu alicheka, akasema hilo ndilo shamba gumu kuliko yote.

19 Desemba

Chama kinataka tuhudumie angalau ekari hamsini, la sivyo jaribio linafutwa. Tumezunguka wiki mbili kwa pikipiki ya Mayunga na tumepata ekari thelathini na tisa. Leo tulibaki na mlango mmoja, wa Mayu Minza.

Mayu Minza ("mayu" ni mama kwa Kisukuma) ni mjane, ana ekari kumi na mbili za pamba na sauti inayofika kaya ya tatu. Mumewe alipofariki, shemeji zake walitoka Lagangabilili wakasema mwanamke hawezi shamba lote lile, wamgawie mbili na nyingine wachukue wenyewe. Akawapa uji, akawasikiliza, kisha akaenda kufunga maksai kwenye plau mbele ya macho yao. Ni miaka mitano sasa, na kila msimu wanapita kuangalia kama ameanguka.

Alituweka juani kwanza. Alitaka kujua mimi, binti wa Mboje, nimejifunza wapi kupiga dawa, na huyo Mayunga nani amemruhusu kushika bomba tena. Mayunga aliangalia chini. Nikaeleza habari ya kibao. Akakichukua, akakigeuza, akasogeza njiti kwa kidole.

"Kwa hiyo kazi yenu ni kuhesabu funza wangu."

"Ndiyo, mayu."

"Na pamba yangu ikiharibika, shemeji zangu nitawaambia nini? Kwamba funza walihesabiwa?"

Harieth ndiye aliyemjibu, taratibu, kwamba pamba yake ikiharibika sisi watatu hatuna kazi tena, kwa hiyo shamba lake tutalilinda kama chakula chetu. Mayu Minza akamtazama mtoto aliyelala mgongoni kwa Harieth. Akasema tuandike zote kumi na mbili.

Hamsini na moja! Tulipofika barabarani Mayunga alipiga honi mpaka kuku wa watu wakakimbia.

25 Desemba

Noeli. Wali na nyama. Shangazi kauliza kama bado natafuta kazi. Nimesema ninayo. Akauliza ofisi iko wapi.

8 Januari

Pamba iko magotini. Tumekagua mashamba yote. Njiti ziko mbali na mstari mwekundu. Hatukupuliza.

Kwenye kona za shamba la Mayu Minza pamefukiwa dawa za kienyeji za kulinda shamba. Mayunga aliona udongo uliochimbwa akagoma kupita. Nilimkumbusha kwamba mimea thelathini ni ya shamba zima, kona zikiwemo. Akazunguka mbali, akanyoosha shingo kama twiga, akahesabu kutokea upande wa pili. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

15 Januari

Hatukupuliza.

22 Januari

Hatukupuliza. Wakulima wanne wameisimamisha pikipiki yetu njiani. Jirani zao wameshapiga dawa mara mbili, na wao waliojiandikisha hawajapata hata tone. Mmoja akasema tumepewa buti nzuri za kutembelea.

24 Januari

Mayu Minza alinifuata mpaka nyumbani. Alikataa kiti. Alisema mbele ya baba kwamba shamba la jirani yake, Shija, linanuka dawa kila Jumamosi, na la kwake linanuka majani tu. Nilimpa buti za mama nikamwomba twende wote shambani. Tukaenda. Nikamwonyesha chini ya majani vidudu vyekundu vyenye madoa meusi, na buibui, na sisimizi wanaopanda shina na kushuka na mayai ya funza mdomoni. Nikamwambia hawa ni vibarua wake, wanafanya kazi bure, na Jumamosi ya kwanza tutakayopuliza bila sababu tutawaua wote. Kisha tukavuka mpaka tukaingia kwa Shija. Tulipekua mimea kumi hatukuona kidudu hata kimoja chekundu. Tuliona majani yaliyojikunja, yananata, yamejaa vidukari.

Aliinama pale kwa Shija muda mrefu, akigusa unata ule na kunusa vidole. Akaondoka bila kuniaga.

Jioni baba aliniuliza sisimizi wanaanza kupanda lini. Nilimweleza mpaka ugali ukapoa.

2 Februari

Shija amekuja kuuliza kama tunaweza kumwandika katikati ya msimu. Mayu Minza ndiye aliyemtuma!

12 Februari

Jua kali. Pamba imechanua, mashamba yana maua meupe na ya waridi mpaka upeo wa macho. Tumepuliza kwa mara ya kwanza, ekari saba, asubuhi kabla ya upepo. Bomba likiwa mgongoni nilijiona mtu mwenye mshahara.

20 Februari

Mayunga amerudi saa saba kutoka kwa Mayu Minza. Anasema upande wa bondeni njiti imepita mstari mwekundu, nimpe dawa ya ekari kumi na mbili kesho alfajiri.

Nilihesabu upande huohuo Jumatatu na njiti haikufika hata nusu. Siku tatu, zote zile? Nilimwangalia usoni, nikaikumbuka ile dawa ya ekari tatu. Dawa ya ekari kumi na mbili ukiipeleka mnadani inauzika siku hiyohiyo. Nikamwambia nitakwenda kuhesabu mwenyewe Jumatatu. Akasema sawa, kiongozi.

Kesho naitwa halmashauri, Bariadi, kutoa taarifa ya maendeleo. Nimepiga pasi sketi.

21 Februari

Taarifa imepokelewa vizuri sana. Walipiga makofi.

24 Februari

Naandika kwa mkono wenye harufu ya dawa ya pamba, na kwa aibu.

Nilifika kwa Mayu Minza saa moja asubuhi. Upande wa bondeni nilikagua mimea sita nikaacha kuhesabu. Funza walikuwa ndani ya vitumba. Kila kitumba nilichopasua kilikuwa na tundu, kinyesi, na mdudu aliyenona. Ekari tatu hivi. Zilizobaki tisa zilikuwa na funza wadogo, bado nje, bado wanaweza kufa. Mayunga alikuwa amesema kweli. Siku nne. Ningempa dawa Ijumaa, ekari zile tatu zingepona.

Nilitamani kumwambia Mayu Minza kwamba funza wametokea ghafla. Ni neno ambalo angeliamini, maana sasa ananiamini. Njia nzima kutoka bondeni mpaka kwake nililirudia kichwani. Nilipomkuta anakamua ng'ombe, nikasema hivi:

"Mayu, kosa ni langu. Mayunga aliniletea hesabu Alhamisi. Sikumwamini, nikakaa na dawa stoo. Ekari tatu za bondeni zimeliwa."

Aliendelea kukamua. Maziwa yaligonga kibuyu mara nyingi kabla hajainua kichwa.

"Na tisa?"

"Tisa zinaokoka tukimaliza leo na kesho. Lakini mawingu yanakusanyika upande wa ziwa. Mvua ikinyesha kabla dawa haijakauka, tumepuliza maji."

"Sasa umekaa hapa unanitazama ili iweje?"

Nilimpigia Mayunga simu nikiwa nakimbia. Nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza, akauliza maji tunatoa wapi. Bomba moja linachukua lita ishirini, na kisima cha jirani kimekauka. Lambo liko kilomita mbili. Baada ya nusu saa niliisikia barabara ikinguruma kabla sijaona kitu: bodaboda nane, kila moja na madumu manne, Mayunga mbele. Mayu Minza mwenyewe alifunga maksai kwenye mkokoteni akapanga mapipa. Harieth alikaa chini ya kivuli cha mkokoteni akipima dawa kwa kikombe cha vipimo, dumu kwa dumu, asikosee. Mimi, Mayunga na Shija, aliyekuja bila kuitwa tukampa bomba la tatu, tulipita mistari.

Tulipuliza mpaka upepo ulipoanza saa nne, tukapumzika, tukarudi saa kumi ulipotulia. Wakati wa kupumzika nilikaa karibu na Mayunga, nikamwambia yote niliyomdhania, pamoja na ile habari ya mnadani. Alikuwa anatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alisema alijua. Kisha akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu: ile dawa ya ekari tatu alipewa na mwenye shamba mwenyewe, akaambiwa aongeze maji itoshe ekari tano. Pamba ilipoliwa, mwenye shamba akamtaja yeye. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema mwenye shamba ni mjomba wake, aliyemlea.

Leo tumemaliza ekari tano. Nimempa Mayunga ufunguo wa stoo.

25 Februari

Tumemaliza nne zilizobaki saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya vichwa vyetu. Tulikaa wote chini tukiyatazama, hata bodaboda walizima redio. Saa tano. Saa sita. Majani yalikauka. Saa saba na robo tone la kwanza likaniangukia mkononi, na baada ya hapo mvua ilinyesha mpaka jioni.

Tulicheza! Nakiri. Harieth na mwanawe, Mayunga na buti zake, bodaboda wote. Mayu Minza hakucheza, alikuwa anafungua maksai. Lakini alimwambia Mayunga "wabeja", asante, akimwita kwa heshima jina la baba yake.

3 Machi

Njiti chini ya mstari.

11 Machi

Mvua.

19 Machi

Mvua. Hatukupuliza. Hakuna aliyelalamika.

6 Aprili

Mvua imepungua. Vitumba vya kwanza vimepasuka kwa Shija.

9 Mei

Mavuno. Kasoli yote nyeupe, matela yamejaa, watoto wana nyuzi kwenye nywele. Ekari tisa za Mayu Minza zimebeba kuliko msimu wowote tangu aachwe peke yake. Tatu za bondeni zimetoa magunia ya kuhurumia, na pamba yenyewe ni ya daraja la chini. Shemeji zake wamepita. Walisimama bondeni.

24 Mei

Mkutano wa chama, kwenye ghala. Mwenyekiti, mzee Clement, alisoma taarifa ya jaribio, akauliza kama wanachama wanataka mpango uendelee na vijana waongezwe. Mtu mmoja wa upande wa shemeji zake Mayu Minza akainuka. Alisema mpango ni mzuri kwa wanaopenda kutazama, maana ekari tatu zimeteketea mikononi mwa hao wataalamu. Ghala likanong'ona. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na nilifikiria kutoka.

Mayu Minza aliinuka kabla yangu. Alisimulia yote, siku kwa siku, hakuficha jina langu wala siku zangu nne. Kila sentensi niliona inanishusha. Baba alikuwa safu ya pili, na shingo yake haikugeuka. Kisha Mayu Minza akasema:

"Nimelima pamba miaka thelathini na nane. Nimeuziwa dawa iliyokwisha nguvu, nimepewa mbegu zisizoota. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuja kwangu akasema, mayu, kosa ni langu. Huyu mtoto alikuja. Halafu akashika bomba. Mimi nawaandikisha tena zote kumi na mbili, na bondeni aanzie kuhesabu huyo Mayunga."

Mwenyekiti aliomba wanaokubali wasimame. Kelele ya viti vilivyosogezwa ilikuwa kubwa mpaka sikuweza kuhesabu, na nilipotazama tena, waliokaa walikuwa sita.

Vijana kumi na watano! Mafunzo yanaanza tarehe 2 Juni, na mwalimu ni mimi.

28 Mei

Ujumbe umeingia kwenye simu. Nimeitwa usaili Dodoma, nafasi ya afisa kilimo msaidizi, ajira ya kudumu. Tarehe 2 Juni.

29 Mei

Mama anasema niende, hata bila kuulizwa. Ajira ya serikali haifi mvua isiponyesha. Yuko sahihi. Nimezunguka shamba letu mara tatu. Nilimpigia Madam Georgina, akasema yeye analala kwenye nyumba ya serikali mwaka wa tatu na hawezi kunishauri niikatae, ila mwalimu mwingine wa tarehe 2 hana.

Nilimfuata baba zizini. Nikampa simu asome mwenyewe. Alisoma taratibu, akarudia. Nilisubiri aseme kuhusu wale ng'ombe wanne, nilikuwa tayari.

"Ukienda Dodoma," aliuliza, "hao kumi na watano atawafundisha nani?"

Nikasema hakuna.

"Basi mbona unaniuliza kama mtu asiye na kazi?"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza ameiita kazi. Nimejifungia chumbani nikalia kidogo, kwa raha. Mama hasemi nami.

2 Juni

Ghala la chama, saa mbili asubuhi. Harieth alikuwa amepanga viti kumi na vitano na kibao juu ya kila kiti. Mayunga amenyoa, amevaa ovaroli iliyofuliwa.

Saa mbili kasoro tayari nje palikuwa na watu. Harieth alisoma majina ya waliochaguliwa, wakaingia mmojammoja, wakakaa. Nikadhani wengine wataondoka. Hawakuondoka. Walisimama mlangoni na madirishani, wengine na vyeti vyao kwenye mifuko ya nailoni. Nikahesabu vichwa vyote, vya ndani na vya nje: arobaini na vitatu. Msichana mmoja, anaitwa Precious, alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Ametoka Kiloleli, wilaya nyingine kabisa, amepanda lori la mahindi alfajiri. Nilimwambia jina lake halimo, na kwao mpango huu haupo.

"Najua, dada," alisema. "Nataka kujifunza niuanzishe."

Niliangalia viti. Nikamwangalia Mayunga. Alikwenda akafungua milango yote miwili ya ghala, akawaomba kwa adabu wale kumi na watano wasimame, akaanza kutoa viti nje. Harieth akamsaidia. Vilipokwisha, sakafu ikabaki wazi, wote arobaini na watatu wakaketi chini, vibao vikipita mkono kwa mkono, nami nikaketi mbele yao, nikaanza.